Siye Hatukuuliza Vile

Mwaka jana, nilipowasilisha mada ya kazi yangu ya kumaliza masomo mbele ya walimu wa idara, mmoja wao aliniuliza kwa nini nimechagua sentensi za kuuliza. Nilijibu kama wanafunzi tunavyojibu siku kama hiyo: kwamba sentensi za kuuliza katika Kiswahili cha Goma zinastahili kuchunguzwa, kwamba zinafaa kulinganishwa na zile za Kiswahili sanifu, kwamba data iko mlangoni mwetu. Walimu wakatikisa vichwa kukubali, nikaketi. Nilichosema hakikuwa uongo, lakini hakikuwa jibu. Sababu ya kweli ni swali moja nililoliandika vibaya nilipokuwa na miaka ishirini. Naiandika hapa kwa sababu wengi wetu tunaosoma katika kitivo hiki siku moja tutakaa mezani kuandika kwa niaba ya watu wengine.

Mwaka 2020 nilikuwa ndio kwanza nimeingia chuoni. Tuliishi Majengo, komini ya Karisimbi, upande wa kaskazini wa mji, mahali ambapo ukichimba msingi wa nyumba unakutana na jiwe jeusi la volkeno kabla jembe halijazama. Goma iko ukingoni mwa Ziwa Kivu, lakini kuwa karibu na ziwa si kuwa na maji. Kwetu, kwenda ziwani ni kushuka mikono mitupu na kupanda na bidoni ya lita 20 mgongoni. Asiyeweza kwenda alinunua kwa vijana wa chukudu waliopita asubuhi na mzigo wa bidoni za njano, na bei ilipanda kila mara umeme ulipokatika na mashine za kusukuma maji kusimama.

Kwenye kona ya avenyu yetu palikuwa na bomba la mtaa. Lilijengewa kwa saruji, likapakwa rangi, likatoa maji kwa majuma machache, likakauka. Nani alilijenga na kwa pesa za nani, hakuna aliyejua kwa hakika. Palikuwa na masimulizi matatu, na kila moja lilikuwa na watetezi wake. Watoto walilifanya kuwa goli la mpira. Vijana wa chukudu waliegemeza vyombo vyao hapo walipokuja kutuuzia maji.

Wakati wa likizo ya Bunge la jimbo, mbunge mmoja alipita mtaani kuwaeleza waliomchagua kazi aliyoifanya. Sitamtaja, na wala sina ugomvi naye. Wamama walipomzunguka kwa habari ya bomba, aliwaambia jambo ambalo wengi wetu tulikuwa hatulijui: kwamba mbunge wa jimbo ana haki ya kuiandikia serikali ya jimbo swali, na serikali hiyo inatakiwa kujibu. “Niandikieni swali lenu,” alisema, “mimi nitalipeleka.”

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, wamama wapatao kumi na watano walikusanyika katika ua wa Mama Mukubwa, dada mkubwa wa mama yangu. Mimi niliitwa kwa sababu nilikuwa mwanafunzi wa chuo na nilikuwa na daftari. Walizungumza kwa saa mbili. Walibishana, walicheka, mmoja alilia kidogo akikumbuka binti yake aliyeteleza na bidoni kwenye mawe. Mwishoni Mama Mukubwa aliinua mkono, wote wakanyamaza, akanitamkia sentensi moja polepole, niiandike:

“Makuta ya ile bomba nani alipokea, na mayi iko wapi?”

Niliiandika hivyo hivyo, kwa Kiswahili chetu. Iko hadi leo katika ukurasa wa nne wa daftari lile, kwa kalamu ya buluu.

Usiku nikakaa kuiandika kwa Kifaransa. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo, na hakukuwa na haja ya kuniambia. Katiba ya Februari 2006, katika kifungu cha kwanza, inasema kwamba Kifaransa ndiyo lugha rasmi, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Mtaani Kiswahili kinatosha kwa yote, hata kwa kura. Karatasi inayokwenda ofisini huvaa Kifaransa. Mimi nilitaka karatasi yetu ivae vizuri. Nilitafuta maneno niliyoyasikia redioni vinywani mwa wakubwa, na baada ya kufuta mara nyingi nikaandika: “Qu’en est-il du programme d’approvisionnement en eau potable du quartier Majengo ?” Kwa Kiswahili ni kama kusema: Programu ya kuupatia mtaa wa Majengo maji safi imefikia wapi?

Niliipenda sentensi ile. Niliisoma kwa sauti. Mama yangu, ambaye Kifaransa chake ni cha shule ya msingi, alisema inasikika kama ya mbunge mwenyewe. Asubuhi niliipeleka, ikapokewa.

Miezi ilipita, na mapema mwaka 2021 jibu likaja. Tulikusanyika tena katika ua ule ule. Nilisoma Kifaransa, kisha nikakitia katika Kiswahili: serikali ya jimbo inayo programu ya maji, Majengo ni mmojawapo wa mitaa iliyomo, kazi itaendelea kadiri fedha zitakavyopatikana. Niliponyamaza, hakuna aliyesema neno. Halafu Mama Mukubwa akasema, bila hasira, kama mtu anayerekebisha hesabu:

“Siye hatukuuliza vile.”

Wengine wakapokea maneno. “Banatuzungusha.” “Tuliuliza makuta, beko nasema programu.” “Ndiyo siasa ile.” Wote walikubaliana kwamba serikali imelikwepa swali. Mimi nilikuwa na nakala ya barua yangu ndani ya daftari, mkononi mwangu, na nilijua kwamba serikali haikukwepa kitu. Iliulizwa habari za programu, ikajibu habari za programu. Jibu lile lililingana na swali lake kama kifuniko na sufuria. Aliyelikwepa swali la wamama nilikuwa mimi, miezi mingi kabla, usiku, mbele ya taa ya betri.

Sikusema kitu siku ile. Niliwaacha waende nyumbani wakiwa na hasira na mtu mwingine. Huo ndio ukweli ambao sikuwaambia walimu wa idara.

Baada ya siku nne nilienda kwa Mama Mukubwa, nikamwonyesha sentensi mbili, ile ya ukurasa wa nne na ile ya Kifaransa, nikamfasiria ya pili neno kwa neno. Alisikiliza hadi mwisho. “Ile ‘nani’ yetu uliweka wapi?” akauliza. Nikamwambia sikuiweka. “Na ‘makuta’?” Nayo sikuiweka. Alinitazama kwa muda. “Andika ingine, mwana,” akasema. “Na sasa andika vile tulisema.”

Kabla ya kuandika ya pili nilitaka kujua swali ni chombo gani hasa mkononi mwa mbunge. Nilisoma Katiba kwa mara ya kwanza maishani nikiwa na jambo ninalolitafuta, na ninawashauri wenzangu waisome hivyo. Kifungu cha 197 kinaliagiza Bunge la jimbo kuidhibiti serikali ya jimbo na huduma za umma za jimbo na za mitaa. Njia zake ndizo zile zile ambazo kifungu cha 138 kinazitaja kwa Bunge la taifa: swali la mdomo au la maandishi, swali kuhusu jambo la wakati huo huo, interpelasioni, tume ya uchunguzi, na kusikilizwa mbele ya kamati. Kifungu cha 198 kinaongeza meno: wajumbe wa serikali ya jimbo, mmoja mmoja au wote pamoja, wanaweza kuondolewa kwa kura ya kutokuwa na imani. Hoja dhidi ya serikali nzima inahitaji saini za robo ya wabunge. Dhidi ya waziri mmoja, saini za sehemu moja ya kumi. Saa 48 zipite, ndipo kura ipigwe.

Njia hizo hazina uzito sawa. Swali la mdomo au la maandishi halifuatwi na kura: unauliza, unajibiwa, mambo yanaishia hapo. Interpelasioni ni kumwita mtu asimame ajieleze, na akishindwa kujieleza, ile hoja ya kumwondoa inaweza kumfuata. Kiswahili hakijalipatia jambo hili jina linalokubalika na wote. Magazeti husema “kuhojiwa”. Goma tunasema “balimuinterpele”, kitenzi cha Kifaransa kilichopachikwa viambishi vyetu, lakini wamama wa Majengo walikuwa na neno zuri zaidi: “balimwita”. Kwao, mtu mkubwa akiitwa, tayari kitu kimetokea. Anayeulizwa anaweza kujibu akiwa amekaa ofisini kwake. Aliyeitwa lazima atoke.

Swali la pili niliandika kwa sentensi fupi nne. Nani alipokea pesa za ujenzi wa bomba la avenyu yetu? Alipokea kiasi gani? Tarehe gani? Maji yalikatika kwa sababu gani? Kifaransa chake kilikuwa cha mtoto wa darasa la sita, na sikukipamba. Mbunge alikisoma mara mbili, akatabasamu, akasema kwamba hili sasa ni swali, na kwamba likijibiwa vibaya linaweza kugeuka interpelasioni. Akaliweka kwenye faili lake la kikao cha Machi.

Tarehe 3 Mei 2021 Rais alitia saini tangazo la hali ya kuzingirwa kwa Kivu Kaskazini na Ituri, na tarehe 6 Mei likaanza kutumika. Gavana wa kiraia akamwachia nafasi gavana wa kijeshi, Luteni Jenerali Constant Ndima. Shughuli za serikali ya jimbo na za Bunge la jimbo zikasimamishwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa vita, na sisi tunaoishi hapa hatuhitaji kuelezwa kwamba vita vipo. Siandiki kuamua kama uamuzi ule ulikuwa sahihi. Naandika tokeo lake moja dogo: swali la wamama wa Majengo lilibaki ndani ya faili, katika nyumba ambayo haikai tena kikao. Halikukataliwa. Halikujibiwa vibaya. Lilikosa pa kuulizwa.

Majuma mawili baadaye, jioni ya tarehe 22 Mei, Nyiragongo ililipuka. Lava ilishuka hadi kwenye kingo za kaskazini za mji, karibu na kwetu, ikakata mabomba ya maji ilipopita. Tarehe 27 tukaamriwa kuondoka, tukatembea usiku kuelekea Sake, maelfu kwa maelfu, magodoro kichwani. Katika begi langu nilitia diploma yangu, nguo mbili na daftari lile. Sijui kwa nini nililichukua. Tuliporudi, bomba la kona lilikuwa limesimama vile vile, kavu vile vile.

Miaka iliyofuata nilisoma isimu nikiwa na imani moja: kwamba kosa lilikuwa la Kifaransa. Nilijiambia kwamba lau swali lingekwenda kwa Kiswahili lingefika zima. Imani ile ilinifurahisha, kwa sababu ilinipunguzia hatia. Basi nikaanza kutafuta mahali ambapo wabunge huiuliza serikali kwa Kiswahili kuanzia mwanzo hadi mwisho, nikafika Zanzibar. Zanzibar ina serikali yake ndani ya Jamhuri ya Muungano, na tangu mwaka 1980 ina Baraza la Wawakilishi ambamo waziri husimama na kujibu kwa lugha ile ile ya muuza samaki wa sokoni. Nikasoma taarifa za vikao, na za Bunge la Tanzania pia, kila umeme na intaneti viliponiruhusu.

Niliyoyakuta yalinivunja moyo kwanza, kisha yakanifundisha. Kuna muundo mmoja unaorudi tena na tena hadi msomaji anaweza kuukamilisha mwenyewe: “Je, Serikali ina mpango gani wa kuwapatia wananchi wa mahali fulani maji safi na salama?” Ndilo swali langu lile la usiku, sasa kwa Kiswahili fasaha. Tulitazame kama wanaisimu. Muundo huu unachukulia kwamba mpango upo, kwa hiyo anayejibu amepewa nusu ya jibu kabla hajafungua mdomo. Kinachobaki ni kueleza mpango ni wa namna gani, na neno “gani” huridhika na maelezo yoyote. “Ngapi” hudai namba. “Lini” hudai siku. “Nani” hudai mtu. “Gani”, inapokaa baada ya “mpango”, haidai chochote kinachoweza kuhesabiwa.

Na jibu nalo lina muundo wake: “kadiri fedha zitakavyopatikana.” Sote tunajua kanuni hii kutoka mwaka wa pili: kitenzi cha kutendwa kinaweza kumtaja mtenda kwa “na”, lakini kitenzi cha kutendeka hakimpokei. Tunasema “fedha zilitumiwa na mkandarasi”, hatusemi “fedha zilitumika na mkandarasi”. Kiswahili kina mlango mzuri kabisa wa kumtoa mtu nje ya sentensi bila mtu huyo kuonekana akitoka. Fedha zinapatikana, mabomba yanaharibika, miradi inakwama. Hakuna aliyetafuta, hakuna aliyeharibu, hakuna aliyekwamisha. Serikali hazikuubuni muundo huu. Hata mtoto aliyevunja kikombe husema kimevunjika. Zimeona tu unafaa.

Kwa hiyo kosa halikuwa la Kifaransa. Kifaransa kina “qui” na “combien” kama sisi tulivyo na “nani” na “ngapi”. Mimi ndiye niliyeziacha, kwa sababu niliziona hazina adabu. Nilidhani kuandika vizuri ni kuandika kama wanaojibu, kumbe kazi yangu ilikuwa kuandika kama wanaouliza.

Lakini katika kumbukumbu zile za Zanzibar na za Bunge niliona pia kitu ambacho sisi hatukuwa nacho. Waziri anapomaliza kujibu, mwenye swali huruhusiwa kusimama tena. Huitwa swali la nyongeza. Mara nyingi swali la nyongeza ndilo swali lenyewe: la msingi liliandikwa kwa lugha ya ofisi na likajibiwa kwa lugha ya ofisi, halafu mtu anasimama na kusema, kwa maneno yake, Mheshimiwa Spika, majibu yale yale yalitolewa mwaka jana, sasa nataka kujua ni lini. Sauti inabadilika hata kwenye karatasi. “Siye hatukuuliza vile” ya Mama Mukubwa lilikuwa swali la nyongeza. Alilitoa katika ua wake, mbele ya kuku na wamama wenzake, na Spika hakuwepo.

Kenya imekwenda njia nyingine. Katiba yake ya mwaka 2010 iliunda kaunti 47, kila moja na bunge lake, na kifungu cha 195 kinalipa bunge hilo uwezo wa kumwita mtu yeyote aje kutoa ushahidi au maelezo, kwa nguvu kama za Mahakama Kuu katika kuwalazimisha mashahidi kufika. Hapo tunarudi kwenye “balimwita” ya wamama. Kuuliza peke yake hakutoshi. Pawe na mahali pa kuitia, na anayeitwa ajue kwamba lazima aje.

Mwalimu mmoja aliyenisaidia kusoma rasimu ya sura yangu ya pili alinipinga jambo moja, na pingamizi lake lilikuwa la haki. Alisema kwamba swali la wamama nalo linachukulia kitu. “Nani alipokea” inadai kwamba yupo aliyepokea. Je, kama pesa hazikutoka kabisa? Je, kama bomba lilijengwa kwa msaada na hakuna senti iliyopita mikononi mwa serikali? Basi swali limemtuhumu mtu ambaye hayupo. Mwanaisimu, alisema, asilipende swali moja na kulichukia lingine kwa kosa lile lile.

Nilibeba pingamizi lile hadi Majengo. Mama Mukubwa alikuwa anachambua maharagwe. Nilimweleza kadiri nilivyoweza kwamba swali lake lina kitu ndani yake ambacho huenda si kweli. Hakukasirika. “Kama hapana mutu alipokea,” alisema, “baseme hapana mutu. Ile nayo ni jibu.”

Nimesoma vitabu kadhaa kuhusu dhana hii na sijaona maelezo mafupi zaidi ya hayo. Swali lake linachukulia kitu, lakini kitu hicho kinaweza kukanushwa kwa maneno mawili, na mkanusho wenyewe utakuwa habari: tutajua kwamba pesa hazikutoka, na tutaacha kuwashuku jirani zetu. Swali langu nalo lilichukulia kitu, kwamba programu ipo, lakini hakuna anayejibu atakayejisumbua kukanusha kitu kinachompendeza. Tofauti iko hapo. Swali zuri la kumuuliza mwenye madaraka ni lile ambalo hata jibu la “hapana” linamwachia mwananchi kitu cha kushika.

Ninapoandika haya, Oktoba 2024, hali ya kuzingirwa haijaondolewa. Katiba inaruhusu siku 30, kisha nyongeza za siku 15 kwa idhini ya Bunge la taifa, na nyongeza hizo zimefuatana tangu mwaka 2021. Swali linaloulizwa huko Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa, ni la aina ile ambayo vitabu vyetu vya sarufi huiweka kwanza kwa kuwa ndiyo rahisi: Je, tuongeze au tusiongeze? Ni swali la ndiyo au hapana. Halina “nani”, halina “ngapi”. Na sisi ambao tungeuliza hayo hapa hapa, tulipiga kura tena Desemba 2023, tukatia vidole katika wino, na mlango wa nyumba ile ya kuulizia bado umefungwa. Wakati huo huo vita vimesogea karibu, na watu wanaoishi kambini magharibi mwa mji wanahitaji maji kuliko sisi tulivyoyahitaji. Maswali hayajapungua. Yamekuwa mengi kuliko wakati wowote niliowahi kuishi.

Wenzangu wa kitivo, baadhi yetu tutakuwa walimu. Wengine tutaandika redioni, tutafasiri mikutano ya mashirika, tutakuwa makatibu wa wabunge siku Bunge la jimbo litakapofunguliwa. Tutapewa sentensi za watu na kuombwa tuzivishe. Wengi wetu tumefundishwa kwamba lugha nzuri ni ile iliyonyooshwa, na mimi bado naipenda lugha iliyonyooshwa. Ninachoomba ni kwamba, kabla ya kukabidhi karatasi, tuweke sentensi mbili bega kwa bega, ile tuliyopewa na ile tuliyoiandika, tuhesabu: “nani” yao iko wapi? “Ngapi” yao iko wapi? Ikiwa haipo, tumeshajibu kwa niaba ya serikali.

Mama Mukubwa sasa ana miaka zaidi ya sitini na hashuki tena ziwani. Wajukuu ndio wanaoshuka. Kila nikipita kumsalimu ananiuliza, kama mtu anayeulizia kuku aliyemkopesha jirani:

“Mwana, ile swali yetu iko wapi?”

“Iko kwa daftari, Mama Mukubwa.”

“Chunga,” ananiambia. “Batafungua siku moja.”